Kusoma Kampala ya zamani kwa ramani na majina ya mitaa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukitafuta South Street ya Kampala kwenye simu leo, huenda usipate kitu. Mtaa wenyewe upo palepale katikati ya mji, umejaa maduka na watu, ila sasa unaitwa Luwum Street, kwa heshima ya Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977. Anayesoma tangazo la gazeti la miaka ya 1960, barua ya babu yake au hati ya ploti ya zamani hukwama hapo, kwa sababu jina alilonalo halimo tena kwenye ramani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye jina la zamani hadi kwenye ardhi ya leo bila kubahatisha. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: jina peke yake si ushahidi wa mahali. Lifunge kwanza kwenye kitu kisichohama, yaani kilele cha kilima, bonde, njia ya reli au nyumba ya ibada, ndipo uliamini.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo, na ujue lilikuwa chini ya nani

Usianze na Kampala nzima. Kilomita moja ya mraba inatosha, kwa mfano eneo lililo kati ya Kampala Road na mfereji wa Nakivubo, au kilima cha Old Kampala na miteremko yake. Ukimaliza hapo unaweza kusogea kwa jirani.

Kabla ya kutafuta ramani, jiulize eneo hilo lilikuwa upande gani wa mpaka, kwa sababu Kampala ya kikoloni ilikuwa miji miwili iliyoshikana. Upande mmoja ulikuwa mji wa serikali ya Waingereza, ulioanzia kwenye ngome aliyoijenga Kapteni Frederick Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza, baada ya kufika Desemba 1890 kwenye kilima cha Old Kampala, kisha ukahamia Nakasero. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Kabaka pale Mengo, uliotawaliwa na serikali ya Buganda. Sehemu hizi ziliunganishwa chini ya mji mmoja mwaka 1968, baada ya falme kufutwa 1967.

Jambo hili linaathiri kazi yako moja kwa moja. Ramani nyingi za mji wa kikoloni zinachora Nakasero kwa makini, kila ploti na kila mti wa barabarani, kisha zikifika kwenye mpaka wa Kibuga zinaacha karatasi nyeupe. Kisenyi, Katwe na Mengo zinaonekana kama pori, ilhali ndizo zilizokuwa na watu wengi. Ukiona weupe wa namna hiyo usiandike kwamba hapakuwa na makazi. Andika kwamba mchoraji hakupewa kazi ya kupachora, kisha upatafute kwenye ramani za ardhi ya mailo. Ardhi hiyo iligawanywa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, na kupimwa kwa maili za mraba, na mpaka leo hati zake husomeka kwa bloku na ploti: Kibuga Bloku fulani, Kyadondo Bloku fulani. Ploti za mji wa serikali, kwa upande wake, hutajwa kwa namba na jina la mtaa. Kwa hiyo ukipewa hati, namna anwani ilivyoandikwa tu inakuonyesha uanzie kwenye ramani ipi.

Hatua ya 2: Kusanya ramani

Pa kwanza ni Idara ya Upimaji na Ramani, Entebbe. Omba vitu viwili tofauti: karatasi za topografia za skeli ya 1:50,000, na karatasi za mji za skeli kubwa, kama vile 1:2,500 au 1:10,000. Ya 1:50,000 itakupa vilima, mabonde na vinamasi. Majina ya mitaa utayapata kwenye zile za mji. Sema wazi kwamba unataka toleo la zamani kuliko yote waliyonayo, vinginevyo utapewa jipya.

Pa pili ni Kituo cha Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Wandegeya, ambako majalada ya kikoloni huwa na michoro iliyokunjwa katikati ya barua. Uliza masharti ya kusoma kabla ya kwenda. Wanaofanya utafiti rasmi huombwa kibali na barua ya utambulisho. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina sehemu ya vitabu na nyaraka za Afrika, na Uganda Society ina maktaba yake pale Makumbusho ya Uganda, Kira Road.

Mtandaoni, British Library ya London imeweka bure ramani za kijeshi za Afrika Mashariki za takriban 1890 hadi 1940. Nyingi ni za mipaka na safari za nje ya mji, lakini ni nzuri kwa njia za kale za kuingia Kampala. Tovuti ya Old Maps Online hukuonyesha ni maktaba gani duniani ina ramani ya eneo ulilochagua.

Usisahau magazeti. Uganda Herald, na baada yake Uganda Argus, yalijaa matangazo ya maduka, hoteli na sinema. Tangazo likitaja mtaa, limekupa jina la mtaa na tarehe kamili, jambo ambalo ramani mara nyingi haikupi. Angalizo moja tu: barua za Uganda huenda kwenye sanduku la posta, kwa hiyo matangazo mengi yana namba ya sanduku bila mtaa. Hayo yaache.

Hatua ya 3: Soma kingo za ramani, kisha uikadirie umri

Watu hukimbilia katikati ya karatasi. Anza pembeni. Tafuta mwaka wa kuchapishwa, mwaka wa upimaji, mwaka wa picha za angani kama zipo, namba ya toleo na ufunguo wa alama. Mwaka wa kuchapishwa ndio hudanganya zaidi: karatasi iliyochapwa 1960 inaweza kutegemea upimaji wa miaka kadhaa kabla yake, na mitaa iliyobadilishwa majina katikati ya hapo isionekane.

Kama mwaka haupo, ramani itajisema yenyewe kwa vilivyomo na visivyokuwemo. Kwa Kampala tumia vipimo hivi:

Namirembe: kanisa kuu la sasa lilikamilika 1919. Lililotangulia liliungua 1910, kwa hiyo alama ya kanisa kwenye ramani ya kabla ya hapo ni ya jengo jingine.

Rubaga: kanisa kuu lilijengwa kuanzia 1914 na kumalizika 1925.

Reli ya kutoka Jinja: ilifika Kampala 1931, baada ya daraja la Nile kukamilika. Kabla yake kulikuwa na reli fupi ya kwenda Port Bell pekee. Ramani ikionyesha reli inayoishia ziwani tu, ni ya kabla ya 1931.

Makumbusho: yalianza 1908 kwenye ngome ya Old Kampala, yakahamia Makerere 1942, yakafika Kira Road 1954. Yaangalie yameandikwa wapi.

Mnara wa saa wa Queen's Way: ulijengwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth ya 1954.

Majina ya maziwa na mbuga: kama karatasi ina Ziwa Idi Amin Dada badala ya Ziwa Edward, au Kabalega Falls badala ya Murchison Falls, imetoka miaka ya 1970.

Hakikisha kitu unachokitumia kimechorwa kwa mstari kamili. Ramani za mipango huchora reli, barabara na mitaa iliyokusudiwa tu, mara nyingi kwa nukta au mistari iliyokatikakatika, na baadhi haikujengwa kamwe. Wapangaji wa mji walikuja kwa zamu: Mirams mwaka 1930, Ernst May katikati ya miaka ya 1940 kwa upanuzi wa upande wa Kololo na Naguru. Mchoro wa mpangaji unaonyesha alichotamani kukiona, si lazima kilichokuwepo. Ukiona barabara za mviringo zilizopangika vizuri kupita kiasi, rudi kwenye kichwa cha karatasi usome neno linaloashiria pendekezo.

Hatua ya 4: Geuza vipimo

Ramani za kabla ya mfumo wa mita hutumia inchi, futi na cheni. Inchi moja kwa maili ni 1:63,360. Inchi sita kwa maili ni 1:10,560. Inchi moja kwa futi 400 ni 1:4,800. Cheni moja ni futi 66, yaani mita 20.12. Maili moja ya mraba ni ekari 640, au takriban kilomita za mraba 2.59.

Kama una fotokopi, usiamini skeli iliyoandikwa kwa tarakimu. Mashine ya fotokopi hupunguza au kukuza, na tarakimu hubaki ileile. Pima ule mstari wa skeli uliochorwa chini ya ramani, kwa sababu wenyewe hukua na kupungua pamoja na karatasi.

Hatua ya 5: Piga nakala nzuri

Skani kwa nukta 300 hadi 400 kwa inchi. Chini ya hapo herufi ndogo za mitaa huvurugika. Juu ya 600 faili linakuwa zito bila faida. Kama unatumia simu, laza karatasi mezani, simama juu yake wima, piga vipande vinavyopishana kwa theluthi moja, na usitumie flashi.

Ramani nyingi za zamani zilikatwa vipande na kubandikwa juu ya kitambaa ili zikunjike. Kati ya kipande na kipande kuna nafasi ya milimita mbili au tatu. Kwenye skeli ya 1:10,000, milimita tatu ni mita 30, upana wa ploti nzima. Kwa ramani ya aina hiyo, kata kila kipande kwenye kompyuta na ukishughulikie peke yake.

Hatua ya 6: Weka ramani ya zamani juu ya mji wa leo

Tumia QGIS, ambayo ni programu ya bure, au tovuti ya Map Warper kama kompyuta yako ni dhaifu. Kazi ni kuonyesha sehemu ileile kwenye ramani mbili, mara kadhaa, mpaka programu ijue jinsi ya kuilaza ya zamani juu ya mpya.

Kwa mgeuzo wa daraja la kwanza unahitaji angalau pointi 3, kwa daraja la pili 6, kwa la tatu 10. Hizo ni za chini kabisa. Weka 10 hadi 12 na ubaki kwenye daraja la kwanza kadiri inavyowezekana, maana daraja za juu hupindisha karatasi ili kuficha pointi mbaya. Zisambaze pembe zote nne na katikati. Ukiziweka zote Nakasero, Mengo itaelea.

Pointi nzuri Kampala ni makanisa ya Namirembe na Rubaga kwa ramani za baada ya kukamilika kwake, makaburi ya Kasubi, makutano ya reli na barabara, na njia panda za zamani za Nakasero. Pointi mbaya ni hizi: ngome ya Lugard, kwa sababu ile ya asili iliondolewa kupisha msikiti mkuu wa Old Kampala na inayoonekana leo imejengwa upya, kingo za kinamasi, ambazo zilihama kila mvua, mto Nakivubo, ambao ulinyooshwa ukawa mfereji, na mizunguko ya magari, ambayo hubadilishwa umbo kila inapokarabatiwa.

Baada ya kuweka pointi, angalia kosa la kila moja. Nusu milimita kwenye karatasi ya 1:10,000 ni mita 5 ardhini. Kwenye 1:50,000 ni mita 25. Pointi yenye kosa linalozidi mara tatu ya kiasi hicho ichunguze. Pengine umebofya njia panda ya jirani. Usiifute kwa ajili ya kupendezesha hesabu, kwani kosa kubwa lililobaki mahali pamoja huenda linakuambia kwamba barabara yenyewe ilihamishwa.

Ukitumia gridi iliyochapwa kwenye ramani badala ya njia panda, kuna mtego ambao umewapoteza wengi. Karatasi za 1:50,000 za Uganda zimetengenezwa kwa mfumo wa majira (wa kutaja mahali kwa namba) uitwao Arc 1960, si WGS84 unaotumiwa na simu. Kwa Kampala chagua EPSG:21096, ambayo ni namba ya mfumo huo ndani ya programu. Ukizisoma namba hizo kana kwamba ni za WGS84, kila kitu kitasogea takriban mita 300 kaskazini na kama mita 80 magharibi. Duka la bondeni litapanda mlimani. Kwa Masaka na Mbarara, zilizo kusini mwa ikweta, chagua EPSG:21036. Ukichanganya hizo mbili ramani itatua mbali mno, kwa hiyo kosa hilo utaliona mara moja. La mita 300 ndilo baya, kwa sababu linafanana na ukweli.

Ukimaliza, punguza uzito wa rangi ya ramani ya zamani hadi asilimia 50 na utazame. Eneo la masoko na stendi za taksi la bonde la Nakivubo litajitokeza juu ya alama za kinamasi. Sehemu zinazofurika kila msimu wa mvua, pale karibu na mnara wa saa, ndizo ramani ya zamani ilizozipaka maji.

Hatua ya 7: Tengeneza daftari la majina

Hapa ndipo kazi ilipo hasa. Fungua jedwali lenye safu hizi: jina la sasa, jina la zamani, tahajia nyingine, mtaa unapoanzia, unapoishia, mwaka wa kwanza kuliona jina, mwaka wa mwisho kuliona, chanzo, na kiwango cha uhakika (hakika, inaelekea, au bado).

Mwanzo na mwisho wa mtaa visiachwe. Kampala Road ikielekea mashariki hugeuka kuwa Jinja Road bila kona yoyote, na mahali jina linapobadilika pakisogea, ploti inaweza kuonekana imehama kumbe haijahama.

Tahajia zinahitaji subira. Maandishi ya Kiganda yaliwekewa kanuni moja mwaka 1947, kwa hiyo nyaraka za kabla ya hapo huandika kila mtu alivyosikia. Tafuta Gaba na Ggaba, Rubaga na Lubaga, Kagwa na Kaggwa, Mutesa na Muteesa. Hata Waingereza hawakusalimika: kamishna Henry Colvile aliandika jina lake kwa l moja, mtaa ukaandikwa Colville Street.

Kisha panga majina kwa tabaka, maana kila tabaka lina umri wake. Kuna majina ya mahali barabara inapoelekea: Entebbe, Bombo, Hoima, Masaka, Gayaza. Hayo yamedumu kwa sababu yanamsaidia msafiri. Kuna ya maofisa na wageni wa kikoloni: Portal, Ternan, Johnston, Speke. Kuna ya familia ya kifalme ya Uingereza, yaliyojazana Kololo: Prince Charles Drive, Windsor Crescent. Kuna ya wafanyabiashara, kama Allidina Visram aliyefariki 1916 baada ya kufungua maduka kila pembe ya Afrika Mashariki. Kisha yanakuja ya wakati wa uhuru: Nkrumah, Nasser, Lumumba. Ukiona Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwenye karatasi isiyo na tarehe, basi karatasi hiyo si ya miaka ya 1930. Baada ya 1979 wakaja raia wa Uganda waliouawa au walioongoza: Luwum, na Yusuf Lule aliyechukua nafasi ya jina la Kitante Road.

Andika pia jina la mdomoni, hata kama si rasmi. Acacia Avenue ilipewa jina la John Babiiha, aliyekuwa makamu wa rais, lakini mwambie bodaboda akupeleke Babiiha uone kama hatakuuliza ni wapi. Soko la St Balikuddembe bado ni Owino kwa anayekwenda kununua mitumba. Mtafiti anayeandika jina la kibao tu amepoteza nusu ya mji.

Kazi hii ina haraka sasa. Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru Mamlaka ya Jiji la Kampala iondoe majina ya wakoloni kwenye mitaa na bustani. Kuyaondoa barabarani ni haki ya wenye mji. Kuyasahau kwenye daftari ni kujifungia mlango wa nyaraka za miaka mingi, kwa sababu hati na barua zote za wakati huo zimeandikwa kwa majina hayo. Piga picha ya kila kibao kilichopo, pamoja na tarehe.

Hatua ya 8: Tembea, na uulize

Nenda Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa na mitaa ya Kikuubo, eneo la maduka ya jumla, inapitika. Tazama juu ya vibao vya maduka: kwenye ukuta wa ghorofa, chini ya paa, majengo mengi ya wafanyabiashara wa Kihindi yana jina la mwenye nyumba na mwaka uliochongwa kwenye saruji. Mwaka huo ni ushahidi bora kuliko ramani. Jinja pia ina majengo mengi ya aina hiyo. Usielekeze kamera kwenye Ikulu, Bunge, kambi au kituo cha polisi. Omba ruhusa kwa mlinzi wa jengo lolote.

Kwa wazee, mfuate kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akutambulishe. Kisenyi, Old Kampala na Kibuli utapata wazee wanaozungumza Kiswahili vizuri. Kwingine nenda na anayejua Kiganda, na umwite mzee jjajja (babu au bibi), si jina lake. Salimia, kaa, subiri. Usiulize "mtaa huu uliitwaje zamani?", kwa sababu swali hilo humfanya mtu akisie ili asikuaibishe. Uliza hivi: "Mzee, ulipokuwa kijana, ukitoka hapa kwenda sinema ulipita wapi?" Atataja njia, duka la kona, mti, jina la Mhindi wa duka la vitambaa. Fuatana na maelezo yake kwa kidole juu ya nakala ya A3, na uandike kwa penseli. Uliza kila jambo kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kwa mwaka, mpe tukio la kushikia: kabla au baada ya Wahindi kufukuzwa 1972? Kabla au baada ya vita vya 1979?

Hatua ya 9: Hifadhi kazi

Kila faili lipe jina lenye mahali, mwaka, skeli na chanzo. Ramani asili usiiguse. Fanya kazi kwenye nakala. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayohaririwa na yeyote, kuna sehemu maalumu ya jina la zamani iitwayo old_name: ingiza humo majina uliyoyathibitisha kwa vyanzo viwili, wala usibadilishe jina la sasa. Usipakie picha za ramani zenye haki miliki, wala majina ya wamiliki wa ploti walio hai. Nakala moja ya daftari ipeleke maktaba, na nyingine umwachie mwenyekiti wa eneo, kwa sababu watakaoulizwa kesho ni watu wa hapohapo.